Mlango wa Tamasa

Mabasi ya Mombasa yakisimama Mtito Andei, abiria hushuka kama watu waliofunguliwa kifungoni. Kila mmoja anataka choo, chai na chapati, na anavitaka vyote mara moja kwa sababu dereva ametangaza dakika chache na dereva hana utani. Nzilani alikuwa amefanya kazi katika hoteli ya Abdiya muda wa kutosha kujua kwamba saa hizo mhudumu hana jina wala uso. Ana mikono tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya na sauti nzito. Alijifunga leso ya kijani kiunoni, akavaa raba zilizoliwa visigino, na kitambaa chake cha kichwani kilinuka mafuta ya chapati hata kikifuliwa mara mbili.

Siku hiyo, katikati ya zogo, alimwona mtu mmoja meza ya pembeni ambaye hakuwa na haraka. Shati lake la rangi ya maziwa lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na alikuwa anasoma kitabu, funguo za lori zikiwa mezani kando yake. Nzilani akatupia jicho jalada, akaona picha ya mwanamke mwenye fimbo. Aliweka kikombe kwa nguvu hadi chai ikamwagika sahanini.

"Hicho ni cha pili," akasema.

"Cha pili cha nini?"

"Cha *Nchi Isiyo na Mvua*. Umesoma cha kwanza?"

"Sijasoma. Nimepata hiki tu pale Mombasa, kwa wale wa kuuza chini."

"Basi kifunge."

Mtu yule akainua macho. "Madam, mimi niliagiza chai. Sikuagiza mwalimu."

"Chai kunywa. Kitabu funga. Utamwonaje Tamasa akivuka bonde la chumvi na hujui fimbo yake alipewa na nani?"

Akakifunga. Wengi wangetukana, lakini yeye alikifunga akakiweka mezani, akakifunika kwa kofia kabisa. "Sasa nitasoma nini kila nikisimama hadi Nairobi?"

"Soma barabara. Si ndiyo kazi yako?"

Alicheka, na Nzilani ambaye tangu alfajiri alikuwa hajamwona mtu akicheka kwa ajili yake, akajikuta amesahau sahani za meza nzima. Jina lake lilikuwa Kivuva. Alikuwa dereva wa lori la saruji na alipanga chumba Kiboko. Wiki iliyofuata alirudi, na Nzilani alikuwa na kitabu cha kwanza ndani ya mfuko wa aproni.

Tuseme kidogo kuhusu hivyo vitabu, maana bila hivyo hakuna hadithi. Vilikuwa vitano, vyembamba, vya karatasi ya kuparuza. Vilisimulia nchi ambayo Mfalme wa Vumbi ameikamata mvua akaifungia ndani ya jabali, na kando ya mvua amemfungia mfinyanzi aitwaye Ombe. Tamasa, mchumba wa Ombe, anasafiri kwenda kulifungua hilo jabali. Na Tamasa hakuwa mrembo. Mwandishi alilisema hilo ukurasa wa kwanza ili watu wasimsumbue: mwanamke mfupi, mguu mmoja mbovu, sauti ya kukwaruza. Nzilani alikisoma hicho kitabu akiwa bado msichana kwao Kwa Vonza, mwaka ambao mama yake alikufa na yeye kifungua mimba akaachiwa nyumba, wadogo zake na baba. Tangu siku hiyo alitembea na Tamasa.

Kitabu cha tatu Kivuva alikipata kimoja tu, na wote wawili walikitaka. Nzilani alichukua kisu cha chapati akakipasua katikati, yeye akabaki na nusu ya mwanzo, Kivuva akaenda barabarani na nusu ya mwisho, kwa ahadi kwamba hataifungua hadi wabadilishane. Abdiya, mwenye hoteli, mama wa kutoka Garissa aliyevaa shungi la bluu na saa kubwa ya kiume, alishika kiuno.

"Nyinyi Wakamba mna wazimu. Kitabu kinachinjwa?"

"Kimechinjwa vizuri, mama," Kivuva akamjibu. "Hakikulia."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haya yalikohoa hadi kituo cha petroli cha jirani, ambako kulikuwa na simu. Ndinda wa pampu alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Nzilani, simu ya bwana yako wa saruji!" Naye alivuka mbio na unga mikononi.

"Uko wapi?"

"Voi. Mwendwa wangu, Tamasa amefika mtoni?"

"Sikuambii. Nikikuambia utafungua nusu yako."

"Nimeikalia. Hata saa hii nimeikalia."

"Endelea kuikalia. Umekula?"

"Nimekula chapati ya mtu mwingine. Ilikuwa kama gunia."

"Mwongo wewe," Nzilani alisema, akarudi jikoni akitabasamu peke yake mbele ya sufuria.

Kitabu cha tano kiliishia na Tamasa amesimama mbele ya mlango wa jabali. Mlango huo ulikuwa umeshinda majeshi. Ukiusukuma unajikaza zaidi. Hapo mwandishi akafariki, na cha sita hakikuandikwa. Jumapili moja mchana, hoteli ikiwa tulivu, Nzilani na Kivuva walikaa ndani ya lori lililoegeshwa kivulini, Kivuva akauliza, "Sasa unadhani ataufunguaje?"

Nzilani alifuta vumbi la dashibodi kwa ncha ya leso. Jibu alikuwa nalo tangu ujana na hakuwahi kumpa mtu. Alilitunga usiku aliokuwa akiosha nguo za wadogo zake, na lilikuwa lake kuliko kitu chochote alichomiliki.

"Hataufungua," akasema mwishowe. "Ataweka fimbo chini akae. Halafu atamwambia Ombe: Nimechoka. Fungua wewe. Na Ombe ataufungua kutoka ndani, kwa sababu ulikuwa unafungukia ndani siku zote na hakuna mtu aliyewahi kumwomba."

Kivuva alimtazama yule mwanamke aliyebeba wenzake tangu utotoni, akaelewa anasikia habari za nani. Akamshika mkono wenye alama za mafuta ya moto.

"Nzilani, nikipeleka mbuzi za ntheo kwa baba yako, Mzee Ndululu, wewe utanifungulia?"

Alilia kidogo, akasema ndiyo. Na kwa Wakamba ntheo si mchezo. Mbuzi hao wakifungwa katika boma la baba yako umekwisha kuwa mke wa mtu, kanisa litafuata baadaye na keki yake. Kivuva akaanza kuwatafuta mbuzi wazuri, akawaarifu wazee wa kwao.

Ndipo televisheni ilipoingilia. Kulikuja watu kutoka Nairobi kupiga picha za mchezo wa *Nchi Isiyo na Mvua* kwenye yale mawe meusi ya volkano yaliyomwagika kutoka milimani, upande wa Tsavo. Walihitaji lori la kubebea vyombo, wakamkodi Kivuva na lori lake kwa wiki kadhaa. Nzilani alifurahi kama mtoto. Aliuliza kila kitu, na Kivuva alijibu kwa tabasamu la mtu aliyemeza siri.

Mchezo ulipoanza kuonyeshwa, kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari, hoteli ya Abdiya ilijaa hadi mlangoni. Nzilani alikaa mbele kabisa, amevaa gauni lake la kanisani. Haikupita robo saa, alikuwa ameshika tama.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si ndiye Tamasa," Kivuva akasema.

"Huyu mrefu? Huyu mweupe? Tangu lini Tamasa akapaka rangi ya mdomo, na nchi haina maji hata ya kunawa?"

"Wee dada, nyamaza tuone," mtu akasema kutoka nyuma.

Wiki ya pili fimbo ilipotea na Tamasa akakimbia, mguu mzima. Wiki ya tatu bonde la chumvi lilikuwa mchanga wa ujenzi, na Nzilani alijua hivyo kwa sababu mchanga wenyewe ulibebwa na lori la mchumba wake. Watu walipenda. Walipiga meza, walimwita Tamasa mrembo, na Nzilani kila Ijumaa aliamka amechoka mara mbili, uchovu wa kazi na uchovu wa kuona mtu wake akigeuzwa mbele ya macho yake.

"Wamemwua," alimwambia Kivuva. "Wamemwua wakamvalisha wigi."

"Vumilia. Ngoja ya mwisho. Hiyo ya mwisho, mwendwa, utaipenda."

Alhamisi ya mwisho Kivuva alivaa koti. Mbuzi walikuwa wapelekwe Kwa Vonza Jumamosi, wazee wamekwisha kujiandaa, kwa hiyo alikaa karibu naye kama mume. Kwenye kioo, Tamasa mrefu akafika mbele ya mlango wa jabali. Akausukuma, ukajikaza. Halafu akaketi, nywele zikamwangukia mabegani vizuri, na kwa sauti laini kama ya tangazo la sabuni akasema, "Nimechoka. Fungua wewe."

Hoteli nzima ikapiga makofi. Kisilu, makanga wa basi la usiku, akamgeukia msichana aliyekuwa anamletea supu, akalegeza shingo na kusema, "Nimechoka, fungua wewe," na watu wakaangua kicheko. Nzilani alihisi kama amevuliwa leso sokoni. Akamtazama Kivuva. Kivuva alikuwa anatabasamu, anasubiri kushukuriwa.

Nzilani akatoka nje. Kivuva akamfuata hadi penye malori.

"Hukupenda?"

"Uliwaambia."

"Niliwaambia ni yako. Niliwaambia kabisa, hii ni ya Nzilani wangu."

"Nilikuambia wewe. Nilikuambia ndani ya lori, milango imefungwa."

"Nilitaka ikushtue."

"Imenishtua." Sauti yake haikupanda. Angefoka, Kivuva angejua la kufanya. "Jumamosi usipeleke mbuzi."

"Wazee wameshajipanga, Nzilani. Nitawaambia nini?"

"Waambie unachotaka. Kusema si ni kazi yako? Lakini wakifika kwa baba, mimi sitatoka kuwasalimu."

Mbuzi wakabaki Kiboko. Mdomo huponza kichwa, na kichwa cha Kivuva sasa kililala ukuta mmoja na mbuzi watatu waliolia usiku kucha.

Adhabu ya Nzilani ilikuwa nyingine. Yale maneno yaliingia barabarani yakawa ya kila mtu. Makanga waliyasema wakigonga ubavu wa basi. Walevi waliyasema kwenye milango ya vyumba vya kulala wageni. Lori moja lilipita limeyaandika nyuma kwa rangi nyekundu. Kila alipoyasikia alihisi kijiko kikikwaruza sufuria, naye aliendelea kusukuma chapati.

"Alikuuza?" Abdiya akamuuliza siku moja wakichambua mchele.

"Hakuniuza. Alinigawa."

"Kwa ubaya?"

"Hapana, mama. Ndiyo inauma. Angekuwa na ubaya ningelala usingizi."

Abdiya akapuliza makapi. "Mimi bwana yangu marehemu nilimwambia neno moja la moyoni, kesho yake nikalisikia kwa muuza maziwa. Nilimnunia hadi nikachoka. Kumnunia mtu ni kazi, Nzilani, na wewe kazi tayari unayo."

Simu ziliendelea kulia ng'ambo. Alizikataa nyingi. Ndinda alirudi kuwa mjumbe mwenye kinyongo: "Anasema yuko Voi. Anasema bado anaomba msamaha. Na mimi naomba asipige saa ya kujaza mabasi." Siku moja Nzilani akavuka barabara, polepole, akaichukua.

"Sema."

"Ni wewe?" Kivuva akauliza, kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Walitaka kumwoza Mfalme."

"Nini?"

"Tulikuwa tunaota moto huko kwenye mawe. Hawakuwa na mwisho, kitabu hakina. Direkta akasema Tamasa avunje jabali kwa upanga, halafu Mfalme wa Vumbi aone urembo wake atubu, waoane. Harusi kubwa, ngoma. Ombe afe. Kesho yake asubuhi ndio walipanga kuipiga. Nikawaza uso wako utakavyokuwa ukiona hayo. Nikashindwa, nikasema."

Nzilani aliegemea ukuta wa kituo cha petroli. Tamasa aolewe na Mfalme wa Vumbi. Hata yeye, katika hasira yake yote, alisisimka mwili kwa chukizo. Angekuwapo kando ya moto ule huenda naye angefungua mdomo.

"Hapo nimekusikia," akasema. "Lakini baada ya hapo ulirudi, ukala chapati zangu wiki ngapi, na hukuniambia."

"Nilidhani ni zawadi."

"Kivuva, mimi sikulilia jina langu kwenye televisheni. Nililia kwa sababu hayo maneno nilikuwa nimeyaweka. Nilikuwa nimeyaweka ya siku moja nikiwa na mtu wangu, nyumbani kwangu, nimeshindwa kabisa. Sasa siku hiyo ikifika nitasema nini? Kila makanga anayasema akitaka chai."

"Sijui," Kivuva akasema. "Sikuwa nimefikiria hiyo."

"Najua," Nzilani akasema, akaweka simu chini. Moyo wake ulikuwa mzito, lakini haukuwa umefungwa kama jana yake. Usiku ule aligundua kwamba hasira bado iko, ila imekuwa kama mtungi uliobebwa tangu kisimani. Hata ukiupenda, kichwa kinaomba utuliwe.

Mvua za vuli zilikuwa zimetangulia kunyesha kidogo siku Kivuva alipokuja. Ilikuwa baada ya kishindo cha mchana, wateja wamebaki wachache, na Nzilani alikuwa anatoka stoo na gunia dogo la unga begani. Lori likasimama mbele ya hoteli. Nyuma yake, badala ya saruji, mbuzi walitoa vichwa.

Kivuva akashuka. Lile shati la rangi ya maziwa halikuwa limepigwa pasi, na begani lilikuwa limetafunwa. Akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Nzilani, mimi nimecho—"

"Hayo hapana."

"Basi sina mengine."

"Tafuta."

Kivuva akatafuta. Alikunja kofia, akaikunjua. Abdiya aliyekuwa kaunta aliacha kuhesabu vikombe.

"Mbuzi wamekula nyanya zote za mwenye nyumba," akaanza. "Wamekula nusu ya kitabu cha tatu, ile yangu. Mmoja amezaa. Kilichozaliwa kinanifuata hadi chooni. Siwezi tena kulea mbuzi wa baba yako, Nzilani, wamenizoea kupita kiasi."

Nzilani hakutaka kucheka. Mwanya ulimsaliti. "Na wewe?"

"Mimi nilikosea. Uliniwekea kitu mkononi, nikakinyanyua watu wakione, kwa sababu nilijivuna nimepewa. Sitarudia."

"Utarudia. Una mdomo."

"Ukiona nataka kurudia nikanyage mguu. Hata mbele ya wazee."

"Nitakukanyaga kweli."

"Kanyaga. Lakini nikae ninaposikia sauti yako ikinikataza. Barabara imekuwa ndefu sana bila mtu wa kunikataza."

Mbuzi mdogo akalia. Nzilani alimtazama yule mwanamume, mkosefu, mwenye shati lililotafunwa, ambaye katika dunia yote ndiye peke yake aliyefunga kitabu alipoambiwa afunge. Alimpenda bado. Hilo lilikuwa limemchosha kuliko kazi yote ya mwaka. Akalishusha gunia la unga kutoka begani, akaliweka chini mbele ya miguu yake.

"Nimechoka, Kivuva," akasema, akaishia hapo.

Dereva mmoja meza ya pembeni akainua kichwa kutoka kwenye sahani, uso umechangamka. "Fungua—" Abdiya akampiga begani na kitambaa cha kufutia meza, na yule dereva akarudi kwenye maharagwe yake.

Kivuva aliinua gunia akalipeleka jikoni, akalipanga penye mengine. Akarudi, akapita mbele ya lori hadi upande wa abiria, akafungua mlango na kusimama ameushika. Abdiya alikuwa tayari anajifunga aproni ya Nzilani juu ya deraa lake, akinung'unika kwamba chapati za leo wateja watazikumbuka.

Nzilani alinawa unga, akavaa sweta. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya lori akageuka.

"Wazee wako?"

"Wanangoja Kitui mjini. Wao ndio watakaowashusha mbuzi."

"Mimi nitashuka kabla hatujafika soko la Kwa Vonza. Nitapitia shambani kwa jirani yetu Muthoki, niingie nyumbani kwa nyuma. Siwezi kuonekana nimejileta na mbuzi zangu mwenyewe."

Kivuva akaitikia kwa kichwa. Alifunga mlango polepole, akazunguka, akawasha lori. Hakutamka neno lolote barabara nzima, na walipofika Kibwezi kukata kuelekea Mutomo, Nzilani alikuwa amelala.